Taa Tuliyomtafutia Chaza

Baba alikuwa dereva wa familia moja ya wageni upande wa magharibi wa jiji. Walipofunga virago kurudi kwao hawakumwachia gari kama majirani walivyotabiri. Walimwachia tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, pamoja na mawe yake, matumbawe hai na chaza mmoja aliyekuwa na ukubwa wa viganja viwili vilivyowekwa pamoja. Walipokuwa hapa jijini yeye ndiye aliyekuwa akilisafisha siku ambazo hakuna safari, na ndiye aliyejua chumvi ya bahari inakorogwa vipi kwenye maji yaliyochujwa. Mama mwenye nyumba alisema hakumjua mtu mwingine wa kumpa.

Tangi lililetwa kwetu mtaani Komarock kwa lori dogo, wanyama wakiwa ndani ya ndoo zenye vifuniko. Mama yangu alihamisha kabati lake la vyombo hadi chumbani ili tangi lipate nafasi sebuleni. Alilipokea tangi hilo kama mtu anavyompokea mke mwenza, kwa heshima na bila furaha. "Hata wageni wakija sasa," alisema, "wanamsalimu yeye kwanza."

Ilikuwa kweli. Chaza yule alikaa mchangani, midomo yake miwili ya gamba ikiwa wazi, na katikati yake nyama laini ya rangi ya samawati yenye madoa ya kijani, ikitandazwa nje kama leso iliyoanikwa. Sijawahi kuona rangi kama ile kwa mnyama wala kwa ua. Nilipokuwa nimemaliza mkataba wangu wa ukarani na kurudi kulala kwenye chumba changu cha usichana, huku nikiandika barua za kuomba kazi ambazo hazikujibiwa, ndiye niliyekuwa nikimtazama nikinywa chai.

Baba aliniita Mwaitu, yaani "mama yangu" kwa Kikamba, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Hata akinigombeza aliniita hivyo. "Mwaitu," aliniambia siku moja nilipozima taa ya tangi kwa kudhani nasaidia kubana stima, "usiguse hiyo. Taa hii si ya sisi kuonea. Ni ugali wao."

Akanieleza. Ndani ya nyama ya tumbawe, na ndani ya ile leso ya chaza, inaishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo inakula mwanga, na inachobakisha inamlisha mwenyeji wake. Mwanga ukipungua, mimea inakonda na mwenye nyumba anakonda nayo. Lakini si wote wanaotaka mwanga sawa. Yale matumbawe laini yaliyofanana na uyoga, chini kwenye kivuli cha mawe, yalitosheka na kidogo. Yale yenye matawi yalikaa juu kwa sababu yalitaka mwingi. Na chaza, ingawa alikaa chini mchangani, alitaka mwingi pia. Wakati ule nilisikiliza kwa nusu sikio.

Taa tuliyoletewa pamoja na tangi ilikuwa nzito na ya zamani, ya aina ambayo ilipasha chumba joto. Mchana mmoja stima ilipotea mtaa mzima, na iliporudi ilirudi kwa nguvu kama mtu aliyekasirika. Friji ya jirani iliungua. Kwetu iliungua taa. Ililia tu mara moja, ikatoa moshi mwembamba, ikawa kimya.

Baba alisimama mbele ya tangi mikono ikiwa kichwani. Alifungua mapazia, lakini dirisha letu linatazama ukuta wa jirani aliyejenga ghorofa hadi mpakani, na mwanga unaoingia pale unatosha kuchambulia mchele, basi. "Watavumilia siku chache," alisema. "Si nyingi."

Tulikwenda mtaa wa Tena, kwa mtu mmoja mwenye duka la samaki. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Alikuwa akiuza samaki wa dhahabu kwa watoto na matangi kwa wenye saluni. Nilidhani atatucheka tukimtajia matumbawe. Hakucheka. Aliacha kazi aliyokuwa akifanya.

"Uko na nini ndani, mzee? Nitajie mmoja mmoja."

Baba alimtajia. Alipofika kwa chaza, yule mtu alipiga mluzi.

"Basi skiza, mzee wangu. Taa za nyumba wachana nazo. Ukiangalia utasema ziko kali, lakini huyo mnyama hashibi. Nitakupa hii." Alitoa taa bapa iliyojaa vijitaa vidogo, vingine vyeupe, vingine vya buluu, na vifundo viwili vya kuongeza na kupunguza. "Buluu ndiyo inafika chini kabisa baharini, ndiyo hao wamezoea. Nyeupe ongeza kidogo tu. Ining'inize kwa waya kutoka dari, mbali na maji. Anza na robo. Panda pole pole, wiki kwa wiki. Ukiwapiga na mwanga mwingi mara moja, unawachoma. Na usiamini macho. Jicho linazoea, linakudanganya. Mwanga unapimwa na mita."

"Unayo mita?" nikauliza.

"Mimi sina. Iko na msee mmoja anahudumia matangi ya hoteli. Mkiwa na shida niambieni, nitaiomba."

Tulirudi na taa ile baba akiwa ameipakata kama mtoto mchanga. Fundi wa mtaani alitufungia ndoano kwenye dari. Ilipowashwa, sebule yetu iligeuka rangi ya buluu, na mama akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. "Sasa tumekuwa baa," alisema.

Mimi niliona matumbawe yakiwaka. Yale yenye umbo la uyoga yalitoa kijani ambacho sikujua kama kimo ndani yao. Nilimgeukia baba nikitarajia kumwona akitabasamu.

"Hii ni kandili," alisema.

"Lakini ametuambia tuanze na robo."

"Robo ya nini? Sioni chochote humo. Mwaitu, hawa watakufa njaa."

Akageuza kifundo.

Ndivyo tulivyoanza. Kila siku chache baba alisema taa ni hafifu. Alivuta kiti chake karibu na kioo, kisha karibu zaidi, mpaka pumzi yake ikawa inatia ukungu kwenye kioo. Aliishusha taa kutoka kwenye waya ikawa karibu na maji. Baadaye alinunua taa ya aina ya kuwekwa kwenye geti, ile nyeupe ya kuwatisha wezi, akaifunga pembeni kwa kamba. Katika wiki chache kioo kilianza kuota ukoga wa kijani, nami nikawa naukwangua kwa kadi ya simu iliyoisha muda. Tumbawe la juu kabisa, lililokuwa na matawi ya kahawia iliyokolea, lilianza kupauka nchani.

"Unaona?" baba alisema. Sauti yake ilikuwa na woga niliokuwa sijauzoea. "Limekosa chakula. Ongeza."

Nilimwamini. Jambo hili nimelifikiria sana tangu wakati ule. Tumbawe lenye njaa ya mwanga hupauka, na tumbawe lililoungua kwa mwanga hupauka pia, na mtu asiyejua akitazama hawezi kutofautisha. Yeye ndiye aliyekuwa mjuzi. Mimi nilikuwa karani asiye na kazi. Aliponiambia tutafute taa nyingine, kubwa zaidi, niliitafuta. Niliiona kwa muuzaji aliyekuwa akihama, nikaikokota mwenyewe kutoka barabarani kwa sababu nilitaka angalau kitu kimoja katika nyumba ile kiende vizuri kwa mkono wangu.

Kulikuwa na mambo mengine siku zile ambayo kila mmoja wetu aliyaona peke yake na kuyatafutia sababu. Baba alimimina chai kando ya kikombe, mama akasema meza imepinda. Alikutana na mama getini akitoka sokoni, akampita bila neno, na mama akanuna hadi jioni akidhani ameudhiwa kwa makusudi. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango wa jikoni, mlango aliopita tangu mimi sijazaliwa, akaulaani kwa Kikamba. Alikuwa mtu aliyeendesha magari maisha yake yote bila kukwaruza hata kioo cha pembeni. Nani angemuuliza habari ya macho?

Ile taa kubwa ilipowashwa, mimi nilifumba macho. Ilikuwa kama kuingia kwenye jua la saa saba kutoka chumba cha giza. Mama alianza kupikia akiwa ameupa mlango mgongo. Chaza alifunga magamba yake na hakuyafungua siku nzima. Siku ya pili aliyafungua nusu. Ile leso yake haikutandazwa tena nje. Ilijikunja ndani, na katikati yake palitokea doa jeupe, kama kitambaa kilichomwagikiwa dawa ya kufulia.

Nilianza kuamka alfajiri. Nilikwenda kwa tangi kabla hata sijanawa uso. Doa lilikuwa likipanuka. Tumbawe la juu lilikuwa jeupe lote sasa, jeupe la mfupa, na la pili yake lilikuwa linafuata. Baba aliniuliza kila asubuhi, "Wanaendeleaje?" na mimi niliona ajabu kwamba ananiuliza huku amekaa mbele yao.

"Wanapauka, Baba."

"Giza hili litawamaliza," alisema.

Siku hiyo nilimpigia simu mtu wa Tena. Nilimwambia tumejaribu taa tatu na wanyama wanakufa kwa kukosa mwanga, na kama ile mita ipo, tafadhali aje nayo. Nadhani alisikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa, kwa sababu alikuja siku iliyofuata.

Alipofunguliwa mlango alisimama kizingitini, akainua mkono kukinga macho.

"Aisee," alisema. "Mmefungua kiwanda cha kuchomelea hapa?"

Baba alicheka kwa adabu, akamkaribisha kiti. Mtu yule hakukaa. Alitoa kifaa chake, kidude kilichofungwa kwenye kijiti kirefu na skrini ndogo ya kushika mkononi. Alikizamisha majini karibu na uso wa maji, akakitazama. Akakishusha katikati. Akakishusha mchangani, kando ya chaza. Kisha akarudia yote toka mwanzo, kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

"Mzee," alisema hatimaye, na alizungumza polepole, "hawa hawana njaa. Mnawakaanga."

"Haiwezekani," alisema baba.

"Hapa chini kwa chaza peke yake ni mara mbili ya anachohitaji. Huku juu sitaki hata kukuambia. Zima hiyo kubwa. Zima hiyo ya geti. Bakisha ile niliyokupa, uirudishe juu."

"Mita yako imeharibika."

"Nimeipima kwa tangi zingine leo asubuhi, mzee wangu. Iko sawa."

"Basi mimi nakwambia humu ndani mna giza!" Baba alikuwa amesimama. Alinyoosha mkono juu ya maji kuonyesha, na kivuli cha mkono wake kikapita juu ya chaza. Chaza alijifunga papo hapo. Sote tulisikia maji yakiruka.

Mtu wa Tena aliusema ukweli bila kujua alichokuwa akikisema. Alitaka tu kupoza mambo. "Unaona, huyu ana macho, mzee. Vijicho vidogo vidogo, mamia, kwenye hiyo midomo yake. Hawezi kuona sura, lakini kivuli anakiona haraka sana."

Baba alibaki na mkono hewani. "Alijifunga?" aliuliza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, upande wa kulia wa baba. Alifuta mikono yake kwenye leso yake, taratibu, kisha akamwita kwa jina la heshima analomwita yeye peke yake.

"Niambie," alisema. "Leo nimevaa nguo ya rangi gani?"

"Maswali gani hayo mbele ya mgeni?"

"Rangi gani?"

Baba aligeuza kichwa, akamtafuta. Nasema alimtafuta kwa sababu niliona. Uso wake ulikwenda mahali sauti ilipotoka, ukapita, ukarudi.

"Sikukuoa kwa ajili ya rangi ya nguo," alisema.

Mama aliweka leso mdomoni. Mtu wa Tena alianza kukunja kijiti chake, akitazama chini. Mimi nilikwenda kwenye swichi, nikaizima ile taa kubwa, kisha ile ya geti. Sebule ikarudi kuwa sebule. Baba aliketi taratibu, akiutafuta mkono wa kiti kwa vidole kabla ya kuketi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba alikuwa akiketi hivyo tangu zamani.

Alikataa kwenda kwa daktari. Alisema ni uzee, ni vumbi, ni ile buluu ya taa iliyomchosha. Mama hakubishana naye. Alimpigia pasi shati lake jeupe, akaliweka juu ya kiti asubuhi, akamwambia, "Twende." Akaenda.

Kliniki ya macho ilijaa watu waliokuwa wakitazama sakafu. Walimpima hiki na kile, kisha wakampeleka kwenye chumba kimoja chenye mashine kama sufuria nyeupe iliyolazwa ubavu. Aliweka kidevu chake kwenye kikingo, na mhudumu akampa kitufe cha kushika. "Mzee, tazama mbele tu. Utaona nukta za mwanga, nyingine hafifu sana. Kila ukiiona moja, bonyeza." Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma, pembeni.

Taa ya chumba ilizimwa. Nilisikia mashine ikinong'ona, na baba akibonyeza. Mwanzoni nilifurahi, kwa maana alibonyeza mara nyingi. Alibonyeza, akabonyeza. Mhudumu alisimamisha mashine.

"Mzee, bonyeza ukiona tu."

"Nimeona."

"Hapo hakukuwa na taa, mzee."

Mgongo wa baba ulikuwa wima ndani ya shati lile jeupe, kama mtoto anayetaka mwalimu amsifu.

"Rudia," alisema. "Sasa nitangoja."

Mashine ilinong'ona tena. Safari hii alingoja. Alingoja kwa muda mrefu sana bila kitufe kulia, na mimi pale gizani niliomba kwa kila jina la Mungu nililofundishwa kwamba abonyeze, hata kama anadanganya.

Daktari alikuwa mwanamke mpole aliyezungumza na baba mwenyewe badala ya kuzungumza nasi kana kwamba hayupo. Alisema ni presha ya macho. Ugonjwa huu huwa hauumi. Unakula pembeni kwanza, na ubongo unajaza pengo kwa kubahatisha, ndiyo maana mtu hajui. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha karibu lote. La kushoto lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba lililojaa moshi.

"Nipe miwani yenye nguvu," alisema baba.

"Miwani haisaidii hapa, baba. Kilichokwenda hakirudi. Tutakupa dawa ya matone, tulinde kilichobaki."

"Na kitabaki?"

"Tutajitahidi," alisema daktari. Nilitamani angedanganya.

Nilidhani tukishajua, basi taabu ya tangi imekwisha. Tungerudisha ile taa ya mtu wa Tena mahali pake, juu, kwenye kiasi chake, na kungoja. Nilifanya hivyo jioni ile ile tuliporudi. Baba alikaa kwenye kiti chake, uso ukiwa karibu kugusa kioo.

"Washa zote," alisema.

"Baba, ulisikia. Watakufa."

"Washa."

"Baba."

"Mwaitu, niambie wewe uliyesoma. Nikipunguza taa, sioni kitu. Mbele yangu ni ukuta. Nikiongeza, naona rangi. Kidogo, lakini naona. Wewe ndiye unajua kitakachobaki hapa kwangu mwaka ujao?" Aligusa jicho lake la kushoto. "Ninyi mnawalinda hao wasiungue. Na mimi?"

Mama alisema kutoka jikoni, "Mpe baba yako taa yake. Hao ni konokono tu." Nilimwangalia. Alikuwa analia, akikata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji, kwani chakula kilikuwa tayari.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika kebo ya ile taa kubwa. Nikiichomeka, ningempa rangi kwa siku chache, na baada ya hapo angekuwa anatazama mawe. Nisipoichomeka, ningemnyang'anya mwanga baba yangu kwa ajili ya chaza. Niliiacha kebo sakafuni. Nilimwambia, "Kesho, Baba," kama watu wanavyowaambia watoto, naye alijua. Akageuza kiti chake, akalipa tangi mgongo. Siku kadhaa hakuniita Mwaitu. Hakuniita kwa jina lolote.

Nilikuwa nikimtia matone asubuhi na jioni. Aliinua uso, nami niliivuta kope ya chini kwa kidole na kudondosha, na alipofumba jicho dawa ilimtiririka hadi sikioni. Huo ndio ulikuwa mguso wetu wa pekee. Baada ya hapo nilikwenda kumtazama chaza. Lile doa jeupe lilikuwa limesimama, halikupanuka tena, na nilijipa moyo. Nilimwambia mama anapata nafuu. Nilikuwa nadanganyika. Mwanga ulikuwa umerekebishwa, lakini mnyama alikuwa ameshapoteza ile mimea iliyokuwa ikimlisha.

Baba ndiye aliyejua kwanza. Tulikuwa mezani mchana, akaacha kijiko. "Chaza amekufa," alisema.

"Yuko wazi," nilimjibu. "Amefunguka kabisa leo."

"Amefunguka kwa sababu amekufa. Nasikia harufu. Tukimwacha humo atawachafulia wote maji."

Aliinuka, akapandisha mkono wa shati hadi begani. Nilimwambia acha nimtoe mimi. Alinisogeza kwa kiwiko, bila ukali. Alizamisha mkono, akapapasa jiwe, akapapasa lile tumbawe la matawi lililobaki hai, likamuuma, akasonya lakini hakuutoa mkono. Akaufikia mchanga. Akamzunguka chaza kwa vidole, akazamisha na mkono wa pili, akamtoa nje polepole huku maji yakimtiririka kifuani na kwenye suruali. Mama alikuwa tayari na beseni. Ni beseni lake zuri, la kukandia unga wa chapati.

Baba alisimama akiwa amelowa, mikono mitupu mbele yake.

"Mimi ndiye nilimkaanga," alisema.

"Hukujua," alisema mama.

"Nilijua kuna kitu." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata alipomzika mama yake. Mama aliweka beseni chini, akamshika mkono uliolowa, akamwambia "Pole," kwa sauti ile ya msibani, neno moja tu, akalirudia mpaka alipotulia. Mimi nilimfukia chaza nyuma ya nyumba, kwenye kipande chetu cha sukuma wiki.

Mtu wa Tena alipopata habari alikuja mwenyewe na ndoo zake. Alikaa na baba, wakazungumza muda mrefu, na safari hii nilisikiliza kwa masikio yote mawili. Ni baba aliyetoa shauri. Alisema yale matumbawe yanayotaka mwanga mwingi yaende kwa mtu mwenye macho ya kuyasimamia. Abakishiwe yale laini, ya uyoga, yanayoishi na mwanga mdogo. "Badala ya kutafuta taa ya wanyama hawa," alisema, "tutafute wanyama wa taa niliyo nayo."

Yule mtu alivua kofia yake ya sufu. Sijawahi kumwona bila kofia kabla wala baada ya hapo. "Sawa, mzee wangu," alisema. "Na nyeupe tutaifunga kabisa. Tutaacha buluu peke yake, chini. Hao wadogo wanawaka kwa buluu. Kukiwa na giza nyuma yao, pengine utawashika."

Walipomaliza, tulivuta mapazia. Baba aliweka paji la uso kwenye kioo. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuumwa na shingo kwa kumtazama.

"Kuna kijani," alisema. "Upande huu. Kama majivu yenye moto ndani." Kisha, baada ya muda: "Ni kidogo sana, Mwaitu."

"Ni kidogo," nilisema.

Baadaye nilipata kazi ya muda upande mwingine wa jiji, nikapanga chumba karibu nayo. Mama ndiye anayetia matone sasa, na ndiye anayewasha na kuzima taa, yeye aliyekuwa akiliita tangi lile baa. Huniambia habari zao kwa simu Jumapili baada ya kanisa, kwanza za baba, kisha za tangi, kisha za majirani. Presha ya jicho wakati mwingine inashuka, wakati mwingine inakataa. Daktari amebadilisha dawa.

Wiki iliyopita alianza na tangi. "Leo baba yako ameniuliza kama nimesahau kuwasha taa," alisema.

"Ulikuwa umesahau?"

"Hapana. Ilikuwa inawaka tangu asubuhi."

Nilisikia redio ya jirani upande wake wa simu, na sufuria ikifunikwa. Nilimuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia inawaka. Ningemwambia nini?" Nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye sinki. "Amekunywa chai yake. Sasa yuko nje kwenye kiti, anaota jua."